Herufi Nene za Mviringo kwenye Kuta za Mwea

Fonti nene ya mviringo ni ile ambayo herufi zake hazina kona. Palipostahili pembe pamepindwa, na kila mstari unapokoma hufungwa kwa nusu duara. Mistari ni minene, na unene huo haupungui sana kutoka juu hadi chini. Matumbo ya herufi kama a, b, d na o yamejaa. Mara nyingi herufi zenyewe hazisimami wima kwa nidhamu, bali huyumba kidogo, moja ikiiegemea nyingine. Kazi yake ni kubeba maneno machache kwa ukubwa: jina la duka, kichwa cha tangazo, neno moja kifuani mwa gunia la mchele. Anayeipanga kwenye ukurasa mzima huwachosha wasomaji kabla hawajafika aya ya pili.

Katika Kaunti ya Kirinyaga, barabara itokayo Makutano kupitia Wang'uru kuelekea Embu imejaa kazi za namna hii. Hapa ndipo mchele wa skimu ya umwagiliaji ya Mwea unapouzwa. Skimu hiyo ilianzishwa miaka ya 1950 kwa jasho la wafungwa wa vita vya Mau Mau, nayo hunyweshwa na mito ya Thiba na Nyamindi. Wauzaji wa pishori wamepangana kando ya lami, na kila mmoja anataka dereva anayepita kwa kasi asome jina lake kabla ya kumfikia jirani. Kando yao wapo vinyozi, saluni, akademi za watoto wadogo, vibanda vya chipsi na maduka ya pembejeo. Baadhi ya herufi zimechorwa kwa brashi, nyingine zimekatwa kutoka stika, nyingine zimechapwa kwenye banna. Kwa mbali zinafanana, lakini asili yake si moja. Kuna mviringo unaotokana na mkono na vifaa vyake, na kuna mviringo uliopakuliwa kutoka kwenye kompyuta.

Ule wa mkono ndio wa zamani zaidi. Brashi ya duara iliyochovywa rangi ya mafuta ikiwekwa ukutani huanza na alama ya mviringo na kumaliza na nyingine. Kona kali haiji yenyewe. Mchoraji akiitaka lazima arudi na brashi nyembamba, anyooshe upande mmoja, angoje rangi ikauke kidogo, kisha anyooshe wa pili. Rangi yenyewe haimsaidii, kwa sababu hutiririka na kujisawazisha kabla ya kukauka, na pembe iliyokuwa safi asubuhi huwa imelegea kufikia mchana. Anayelipwa kwa bango, si kwa saa, hana sababu ya kupigana na kifaa chake, hivyo huiacha herufi iwe nene na ya mviringo. Ule uchangamfu ambao mpita njia huuona ukutani, kwa sehemu kubwa, ni hesabu ya muda.

Hilo halimaanishi kwamba kazi hii haina ufundi. Mchoraji stadi hupiga mistari miwili ya chaki kwa uzi, wa juu na wa chini, halafu huivunja sheria hiyo kwa makusudi. Herufi o, c na s akizifanya zilingane kabisa na mistari ya chaki zitaonekana fupi kuliko h au m, kwa sababu sehemu inayogusa mstari ni ncha ya duara tu. Kwa hiyo huzipitisha kidogo juu na kidogo chini. Nafasi kati ya herufi nazo hazipimwi kwa rula. Herufi mbili za mviringo zikikaa pamoja, kama oo katika "choo", husogezwa karibu; mbili zilizonyooka, kama ll katika neno la Kiingereza, huachiwa nafasi. Waunda fonti za kompyuta hufanya marekebisho hayohayo na kuyaandika ndani ya faili. Mchoraji wa Kutus au Kerugoya huyafanya kwa jicho, akirudi nyuma hatua chache kila baada ya neno.

Ukuta wenyewe unachangia pia. Biashara nyingi za barabarani zimejengwa kwa mabati, na mawimbi ya mabati ya kawaida yana upana wa takriban sentimita 7 hadi 8. Mstari mwembamba ukiangukia bonde la wimbi hupotea kwa anayetazama kutoka pembeni, na anayepita ndani ya matatu karibu siku zote hutazama kutoka pembeni. Herufi nene hukalia mawimbi mawili matatu kwa pamoja, hivyo hata sehemu yake ikijificha, iliyobaki inatosha kuitambulisha. Herufi za kitabu, zile zenye vijiguu vidogo chini na mistari inayonenepa na kukonda, hukatikakatika juu ya mabati hadi zisisomeke.

Stika ina sababu zake. Plota hukata karatasi ya plastiki kwa kisu kidogo kinachogeuka kufuata mchoro. Kwenye tao kisu huteleza vizuri, lakini kwenye kona kali hulazimika kugeuka ghafla, na mara nyingine huacha plastiki haijakatika sawasawa. Fundi anapong'oa mabaki, pembe hizo ndizo huinuka pamoja nayo. Hata stika ikishabandikwa kwenye kioo cha duka, kitambaa cha kufutia vumbi huanza kuchokoa palipo na ncha. Mwea ina udongo mweusi wa mfinyanzi ambao wakati wa kiangazi hupasuka na kuwa vumbi na wakati wa mvua hurushwa ukutani na magari, kwa hiyo vioo na mabango hufutwa mara kwa mara. Herufi isiyo na kona hudumu zaidi.

Gunia la mchele ndilo uso mgumu kuliko zote. Limefumwa kwa utepe wa plastiki, na chapa hupigwa kwa kibao cha mpira kilichopakwa wino. Utepe unapopishana pana mwinuko na bonde. Wino hushika kwenye mwinuko, bondeni hauingii vyema, na pembeni hutapakaa. Mistari myembamba hukatika, na tundu dogo la ndani ya e au a huzibwa. Wauza mchele wanaotaka jina lionekane kwa mteja aliyesimama upande wa pili wa barabara hawana chaguo jingine la maana zaidi ya herufi nene zenye tundu kubwa. Kosa la kawaida ni kuitumia fonti hiyohiyo kwa uzito wa mfuko, anwani ya kinu na tarehe ya kufungashwa. Kwa ukubwa huo mdogo matundu yote hufungwa, na mnunuzi hubaki kukisia kama tarakimu ni 6 au 8.

Makampuni makubwa yalilielewa jambo hili mapema na kuzigeuza kuta za vijiji kuwa kurasa zao. Historia ya kampuni moja ya simu inatosha kuwa mfano. Ilianza kama KenCell mwaka 2000, ikawa Celtel mwaka 2004, Zain mwaka 2008 na Airtel mwaka 2010. Duka lililokubali kupakwa rangi ya kampuni hiyo tangu mwanzo lingeweza kubadilishwa sura mara tatu katika mwongo mmoja. Nembo iliyokuja na jina la mwisho iliandikwa kwa herufi ndogo zote, laini, bila herufi kubwa hata mwanzoni. Huo ulikuwa mtindo wa dunia nzima wakati huo: kampuni kubwa kujionyesha kama jirani mpole. Wachoraji wa mitaa waliokabidhiwa michoro ya nembo hizo walipata darasa la bure, na si ajabu kuona jina la kinyozi likiwa limeazima mkunjo wa herufi kutoka ukuta wa pili.

Mviringo wa kompyuta ulianzia mbali. Mwaka 1910 Morris Fuller Benton wa Marekani alitoa fonti iitwayo Hobo, ambayo karibu haina mstari ulionyooka na ambayo herufi zake, hata g na y, hazishuki chini ya mstari. Mwaka 1922 ikaja iliyoshinda zote kwa umaarufu, Cooper Black, kazi ya Oswald Cooper wa Chicago, iliyotolewa na kiwanda cha herufi cha Barnhart Brothers & Spindler. Cooper Black bado ina vijiguu, ila vimevimba na kulainika hadi havionekani kama vijiguu tena. Iliundwa kwa matangazo ya magazeti, ikapoa, kisha ikarudi kwa nguvu miaka ya 1960 na 1970. Ilikuwa kwenye jalada la albamu ya Pet Sounds ya Beach Boys mwaka 1966, na tangu katikati ya miaka ya 1990 ndege za easyJet zimebeba jina lao kwa herufi hizo.

Kilichosaidia kuirudisha ni kifaa rahisi. Kampuni ya Uingereza ya Letraset ilianza mwaka 1961 kuuza karatasi zenye herufi za kusugua. Unaiweka karatasi juu ya kazi, unasugua herufi kwa kalamu, nayo inahamia. Wachapishaji wadogo wasio na fedha za kununua sanduku la herufi za risasi waliweza sasa kutumia fonti za kila aina, na Letraset ikaagiza za kuchekesha kwa wingi. Frankfurter ya mwaka 1970 iliundwa ifanane na soseji, na haikuficha jambo hilo hata kwenye jina. Mwaka 1979 ikaja VAG Rounded, iliyotengenezwa kwa ajili ya kampuni ya magari ya Volkswagen. Hii ilikuwa tofauti, kwani mviringo wake ni wa mwisho wa mstari tu, na mifupa ya herufi ni ya kawaida kabisa. Kwa sababu hiyo ilikubalika mahali ambapo Cooper Black ingeonekana ya mzaha, na kwa miaka mingi vibonyezo vya kompyuta za Apple viliandikwa kwa herufi zake.

Halafu mwaka 1994 Vincent Connare, akifanya kazi Microsoft, akachora Comic Sans kwa kufuata mwandiko wa vitabu vya katuni. Aliikusudia kwa programu ya watoto na wanaoanza kujifunza kompyuta. Ilipowekwa ndani ya Windows ikasambaa kila mahali penye saiba, na kwa watu wengi ndiyo fonti ya kwanza isiyo rasmi waliyowahi kuichagua wenyewe. Julai 2012 mwanafizikia Fabiola Gianotti aliitumia kwenye slaidi za CERN kutangaza matokeo kuhusu chembe ya Higgs, na mjadala wa herufi ukakaribia kuufunika ule wa fizikia.

Kwa nini mviringo husomeka kama upole au utani? Jibu halitokani na mazoea peke yake. Mwaka 1929 mwanasaikolojia Wolfgang Köhler aliwaonyesha watu maumbo mawili, moja la mviringo na jingine la ncha kali, na kuwataka wayagawie majina mawili ya kubuni. Wengi walilipa umbo la mviringo jina lenye sauti laini. Majaribio ya aina hiyo yamerudiwa katika lugha nyingi kwa matokeo yanayokaribiana. Mwaka 2014 kikundi cha watafiti akiwemo Carlos Velasco, pamoja na Charles Spence wa Oxford, walionyesha kwamba watu huhusisha fonti za mviringo na ladha tamu, na zile za ncha na ukali au uchachu. Kwa mfanyabiashara wa chakula hiyo ni taarifa yenye faida, ila inamtaka apime anachouza. Uji wa watoto, keki, maziwa ya mtindi yenye matunda na juisi hupata msaada kutoka kwa herufi zilizovimba. Pishori ni jambo jingine. Sifa yake ni harufu, na punje ndefu isiyoshikana baada ya kupikwa, na bei yake ni ya juu kuliko ya mchele wa kawaida. Jina lake likivimba sana, mfuko huanza kufanana na wa peremende. Mviringo wa wastani, ule wa ukoo wa VAG, humfaa zaidi muuza pishori: mnene wa kutosha kwa gunia, na mtulivu wa kutosha kwa bei.

Akademi za chekechea ndizo zenye haki kamili ya fonti hizi, na huzitumia bila woga pamoja na katuni na rangi zote za upinde wa mvua. Vinyozi na vibanda vya chipsi wanafuata. Matatu ni mada yenye misukosuko yake. Kanuni za waziri John Michuki zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 ziliondoa michoro na kuamuru mstari wa manjano ubavuni, na kwa takriban miaka kumi mabasi mengi yalinyamaza, hadi mwishoni mwa 2014 Rais Uhuru Kenyatta alipowatetea vijana wa michoro. Hata hivyo magari ya masafa kutoka Nyeri, Karatina na Embu kwenda Nairobi hayakuwahi kuchangamka kama yale ya mitaa ya Nairobi. Jina la sako huandikwa kwa herufi pana, abiria alione, basi.

Fonti hii hushindwa pale neno linapodai uzito. Ilani ya mahakama, tangazo la mazishi, onyo la umeme wa nguvu kubwa na bei ya dawa haviandikwi kwa herufi zinazochekelea. Kosa hilo huonekana zaidi kwenye banna za rambirambi, kwa sababu fundi wa kompyuta huifungua kazi ya jana ya harusi na kubadilisha maneno tu.

Kuna udhaifu mwingine unaokigusa Kiswahili hasa. Fonti nyingi za mviringo huandika a ndogo kama duara lenye kijiti upande wa kulia, kama watoto wanavyofundishwa shuleni. Kijiti hicho kikiwa kifupi na kinene, a hufanana na o kwa mbali. Maneno ya Kiswahili husimama juu ya vokali, na vokali mbili zikichanganyika "konda" huwa "kanda". Fundi mwangalifu hulijaribu jina kwa kulitazama kutoka ng'ambo ya barabara huku akikunja macho. Kama a na o hazitofautiani, huchagua fonti yenye a ya orofa mbili, ile ya magazeti.

Mtihani mkubwa zaidi katika miji ya Mlima Kenya, hata hivyo, hauko kwenye Kiswahili. Kikuyu kina vokali saba, na mbili kati ya hizo huandikwa kwa kiwimbi juu: ĩ na ũ. Kiembu, Kimeru na Kikamba navyo vinazihitaji. Jina la kaunti yenyewe, likiandikwa kwa Kikuyu, ni Kĩrĩnyaga, na mchele ni mũcere. Maandishi yenye alama hizo yana historia ndefu katika eneo hili. Gakaara wa Wanjaũ (1921–2001) aliendesha shughuli zake za uchapishaji mjini Karatina, akitoa vitabu na majarida kwa Kikuyu, na mwaka 1984 kumbukumbu zake za kizuizini zilimshindia Tuzo ya Noma. Katika kazi za namna hiyo kiwimbi si pambo, kwani bila hicho neno hubadilika sauti na mara nyingine maana.

Waunda fonti za mapambo, wengi wao wakiwa Ulaya na Marekani, huishia kwenye herufi za lugha za Ulaya Magharibi. Hapo kuna ã na õ kwa Kireno na ñ kwa Kihispania. Hakuna ĩ wala ũ. Mteja akiagiza jina lenye ũ, programu huichomoa herufi hiyo kutoka fonti nyingine kimyakimya, na katikati ya herufi zilizonenepa hutokea moja nyembamba yenye kofia. Wakati mwingine hutokea kisanduku kitupu. Fundi aliye na haraka huondoa viwimbi vyote na kazi hukabidhiwa hivyo. Ndiyo maana mabango mengi huandika Kikuyu kwa vokali tano.

Msaada umetoka mahali pasipotarajiwa, nchi nyingine ya mpunga. Kivietinamu huandikwa kwa alfabeti ya Kilatini iliyopata umbo lake chini ya wamisionari wa karne ya 17, na kamusi ya Alexandre de Rhodes iliyochapishwa Roma mwaka 1651 iliitumia alama ya kiwimbi kuonyesha toni. Hivyo Kivietinamu kina ĩ na ũ. Fonti yoyote iliyoandaliwa kwa Kivietinamu inakitosheleza Kikuyu kwa upande wa viwimbi, ingawa muundaji wake huenda hajawahi kusikia habari za Nyeri. Katika hazina ya bure ya Google Fonts, iliyoanzishwa mwaka 2010, zipo fonti laini za mviringo zenye herufi hizo, kama Nunito, Quicksand na Comfortaa. Kwa mabango makubwa ipo Baloo, iliyotoka kwa Ek Type wa India na iliyoundwa kwanza kwa maandishi ya Kihindi. Leseni za fonti hizi huruhusu matumizi ya biashara bila malipo. Hilo nalo ni muhimu, maana fonti nyingi zinazopakuliwa ovyo huruhusiwa kwa matumizi ya nyumbani pekee, na mwenye kinu akizichapa kwenye magunia yake amevunja masharti bila kujua.

Pale ambapo mteja ameshikilia fonti isiyo na viwimbi, kazi hufanywa kwa mkono. Kwa ĩ, nukta ya i huondolewa kwanza, kisha kiwimbi huwekwa mahali pake. Kiwimbi hicho huchorwa chembamba kuliko mistari ya herufi, kwani kikipewa unene uleule mkunjo wake huziba na kuonekana kama kistari. Kwa herufi kubwa, kama KĨRĨNYAGA, mstari wa juu yake husogezwa ili alama isigongane na maneno mengine. Ritifaa ya Wang'uru huhitaji uangalizi kama huo. Katika fonti za mviringo mara nyingi huwa tone dogo linalopotea kati ya g na u, na katika nyingine huwa kijiti kilichonyooka kisichofanana na kitu chochote kando yake. Njia rahisi ni kuuchukua mkato wa fonti hiyohiyo na kuupandisha juu, kwa sababu mkato tayari una unene na mkunjo wa herufi zilizobaki.

Wachoraji wa brashi hawana shida hiyo hata kidogo. Kwao ũ ni u iliyoongezwa mkwaruzo mmoja, na gharama yake ni sekunde chache za rangi.